Taya Lililouma Nikipanda Mlima

Kwa miezi kadhaa nilitibiwa jino ambalo halikuwa na tatizo, na vidonda vya tumbo ambavyo sikuwa navyo. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye mishipa ya damu inayolisha moyo. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye maumivu yanayokuja na kuondoka, na zaidi kwa wanawake wenzangu tuliovuka miaka 50, kwa sababu kwetu ugonjwa huu mara nyingi hauji kama tunavyouona kwenye tamthilia, mtu kashika kifua kaanguka chini. Kwangu ulianzia kwenye taya.

Naishi Lushoto, nafundisha shule ya msingi. Huku kila safari ni kupanda au kushuka. Mwaka 2021 nilianza kuhisi taya la kushoto linauma kila nikipanda kwenda shuleni. Hayakuwa maumivu ya kuchoma; yalikuwa mazito, ya kubana, na yalishuka mpaka shingoni. Nikifika penye mparachichi nilisimama, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba ili wanafunzi wasinishangae. Dakika mbili tatu yakaisha, nikaendelea. Pamoja nayo kulikuja kuishiwa pumzi na uchovu ambao sikuuzoea. Nikifua mashuka, natafuta pa kukaa.

Kwa kuwa lilikuwa taya, nilikwenda kwa wa meno. Jino la mwisho likang'olewa. Maumivu hayakwenda popote. Baadaye nikaanza kuhisi uzito kwenye chembe ya moyo, hasa nikitembea baada ya kula, na kituo nilichokwenda wakasema ni vidonda vya tumbo. Nikapewa dawa za kupunguza asidi, nikanywa, nikarudi, nikaongezewa. Nikaamua kulipia mwenyewe kipimo cha ECG kwenye hospitali moja. Nikalazwa kitandani, nikabandikwa vile vifaa, karatasi ikatoka. "Moyo wako mzima kabisa, mama." Nilimshukuru Mungu njia nzima, na jioni nilikula ubwabwa kwa raha zote.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ECG inasoma umeme wa moyo kwa zile sekunde chache ulizolala pale. Mtu ambaye mishipa yake imebana lakini moyo wake haujaumia anaweza kutoa karatasi safi akiwa amepumzika. Karatasi ile haikukosea. Ila ilipima moyo uliotulia, wakati mimi shida yangu ilikuwa kwenye moyo unaofanya kazi. Kama umewahi kuambiwa ECG ni safi na bado maumivu yanarudi kila ukifanya kazi, usiishie hapo.

Aliyebadilisha mambo ni daktari mmoja kijana. Nilimkuta zamu ya mchana, foleni ndefu, nikajua atanimaliza haraka. Nikaanza kumweleza panapouma, taya, shingo, chembe, akanikatiza kwa upole.

"Mama, inaanza ukiwa unafanya nini?"

"Nikipanda mlima."

"Ukisimama?"

"Inakwisha."

"Ukipanda tena?"

"Inarudi palepale."

"Na ukiwa umekaa unasahihisha madaftari, imewahi kuja?"

"Haijawahi."

Akaweka kalamu chini. "Jino halijui kama unapanda au unashuka, mama. Moyo ndio unaojua."

Muda wote ule nilikuwa nimeulizwa panauma wapi, na nilijibu vizuri. Hakuna aliyekuwa ameniuliza panauma lini. Ndiyo maana kila ninayemkuta analalamika kifua, bega, mgongo au taya namwambia kabla hajaenda hospitali aandike kwenye karatasi: nikifanya nini inaanza, inachukua dakika ngapi, nini kinaituliza. Baridi ya asubuhi inaiongeza? Kutembea baada ya kushiba? Hasira? Maumivu yanayoletwa na kazi na kuondolewa na kupumzika ni ya moyo mpaka vipimo viseme vinginevyo. Wataalamu wanayaita anjina. Kwa wanawake, wenye kisukari na wazee, yanaweza hata yasiwe maumivu, bali pumzi kukata, kichefuchefu au uchovu tu.

Daktari yule akageuza fomu ya maabara akanichorea moyo. Mimi mwalimu, lakini jambo hili sikuwa nalijua sawasawa: moyo haujilishi kwa damu inayopita kwenye vyumba vyake. Una mishipa yake yenyewe, inayotoka mwanzoni kabisa mwa mshipa mkuu wa aota na kutambaa juu ya moyo kwa nje. Mkubwa mmoja ni wa kulia; wa kushoto unagawanyika, tawi moja likishuka mbele, jingine likizunguka nyuma. Ukipanda mlima, moyo unahitaji damu mara kadhaa zaidi ya ukiwa umekaa. Mshipa mzima unatanuka. Uliobana hauwezi. Kisha kuna jambo ambalo lilinifungua macho: upande wa kushoto wa moyo hupata damu yake nyingi pale moyo unapolegea kati ya pigo na pigo. Moyo ukienda mbio, muda wa kulegea unapungua, na mlo wake wenyewe unapungua wakati ndio unauhitaji zaidi. Ukisimama, mapigo yanashuka, damu inatosha, maumivu yanaisha. Mparachichi wangu ulikuwa umenieleza ugonjwa wote.

Nilikuwa nadhani mafuta yanaganda ndani ya mshipa kidogo kidogo mpaka unaziba. Sivyo. Lehemu (kolesteroli) mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye majibu, inapenya ndani ya ukuta wa mshipa, mwili unapambana nayo, panavimba kama jipu lililojificha chini ya ngozi. Uvimbe huo unaweza kukua taratibu kwa miaka na kuleta anjina. Lakini unaweza pia kupasuka ghafla, damu ikaganda juu yake, mshipa ukazibwa kabisa kwa dakika chache. Hilo ndilo shambulio la moyo. Na unaopasuka si lazima uwe ule mkubwa; hata mdogo, usioleta maumivu yoyote, unaweza kupasuka. Kwa hiyo anayepata maumivu mlimani ana bahati ya aina yake: ameonywa.

Akaniuliza habari za baba. Baba yangu alianguka shambani akiwa na miaka 49, akafa kabla hajafikishwa barabarani. Nyumbani ilisemwa ni mkono wa mtu, jirani fulani akatajwa, na familia mbili hazikusalimiana kwa miaka mingi. Daktari hakubishana na hayo. Aliandika tu: baba, kifo cha ghafla, chini ya miaka 55. Akanieleza kwamba baba au kaka akipatwa na ugonjwa wa moyo kabla ya 55, au mama au dada kabla ya 65, hatari kwa ndugu wengine inapanda. Nililia pale kwenye kiti. Nililia kwa ajili ya baba, na kwa ajili ya yule jirani aliyekwisha kufa na lawama zake.

Akauliza pia presha (nilikuwa nayo, dawa nikinywa nikijisikia vibaya tu), sigara (sivuti), kisukari (sina), na swali nisilolitarajia: napikia nini? Kuni, tena ndani, kwa sababu ya baridi ya huku. Moshi wa kuni unaumiza mishipa ya moyo pia, si mapafu peke yake. Hilo akina mama wengi hatujaambiwa.

Akanipa aspirini, dawa ya kupunguza mapigo na dawa ya lehemu siku ileile, akaniandikia rufaa kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Kabla ya taasisi hiyo kuanzishwa mwaka 2015, wagonjwa wengi wa moyo walikuwa wanasubiri kupelekwa India.

Kuhusu rufaa na fedha niseme wazi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokwama. Mimi nina bima ya kazini, na bima ilibeba sehemu kubwa ya vipimo na matibabu. Lakini bima hailipi nauli ya kutoka Lushoto hadi stendi ya Magufuli kule Mbezi, hailipi anayekusindikiza, chakula chake wala pa kulala pake, na kuna dawa ambazo siku ukizifuata unaambiwa hazipo, nunua nje. Mume wangu aliuza ndama. Shemeji akatuchukua kwake Kimara, vinginevyo tungelala kwenye mabenchi kama wengine niliowaona. Asiye na bima anaingia kwenye mamilioni ya shilingi, na nimekutana na watu waliorudi nyumbani bila kuwekewa chochote kwa sababu hiyo. Kabla ya kusafiri, hakikisha rufaa yako imeandikwa na kugongwa muhuri inavyotakiwa, uliza bima yako kwa jina la kipimo na jina la dawa, si kwa jumla jumla, na beba majibu yote ya zamani pamoja na pakiti za dawa unazotumia. Mimi nilibeba hata ile ECG safi. Ilisaidia: walikuwa na cha kulinganisha.

Vipimo vilikwenda hivi. Damu kwanza: LDL yangu ilikuwa milimoli 4.3 kwa lita. Kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa huu wanataka ishuke chini ya 1.4 ikiwezekana. Halafu eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha moyo unasukuma vizuri. Halafu nikapandishwa kwenye mashine ya kutembelea, nimefungwa waya kifuani, wanaongeza mwinuko kidogo kidogo. Nikawaambia huu ni mlima wangu wa kila siku. Taya likaanza kuuma, na kwenye karatasi mistari ya ECG ikashuka, mbele ya macho yao. Wakasimamisha. Sikuwahi kufurahi hivyo kwa kipimo kibaya. Hatimaye maumivu yangu yalikuwa yameandikwa mahali.

Kisha angiografia, kipimo cha kuangalia mishipa ya moyo kwa ndani. Wengi wanaikimbia kwa sababu wanasikia "waya mpaka kwenye moyo", kwa hiyo nitaeleza. Unakuwa macho. Wanachoma ganzi kwenye kifundo cha mkono, wanaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa, na huuhisi ukipita. Wanapuliza dawa ya rangi, mishipa inajitokeza nyeusi kwenye kioo, kisha inapotea. Tawi la mbele la kushoto lilikuwa limebana kwa kiasi cha asilimia 80, rangi inapita kwa shida. Nilijionea mwenyewe.

Nilidhani watanizibua papo hapo. Daktari akaketi akanieleza kwa utulivu, na naheshimu sana kwamba hakuniharakisha. Kwa mtu mwenye shambulio la moyo, kuzibua mshipa haraka kunaokoa maisha, na kila dakika ina maana. Lakini kwa mwenye anjina iliyotulia kama mimi, stenti, kimrija cha wavu wa chuma kinachowekwa ndani ya mshipa ili ubaki wazi, inaondoa maumivu zaidi kuliko inavyorefusha maisha. Utafiti mkubwa uitwao ISCHEMIA, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 5,000 kutoka nchi 37, ulilinganisha waliopewa dawa peke yake na waliopewa dawa pamoja na stenti au upasuaji. Vifo na mashambulio ya moyo havikutofautiana kwa kiasi cha kuamulia. Waliozibuliwa walipata nafuu zaidi ya maumivu. Wenye mshipa mkuu wa kushoto uliobana, au moyo uliodhoofika, hesabu yao ni nyingine, na wengine upasuaji wa kupandikiza mishipa ndio unaowafaa. Basi nikaanza na dawa kamili, nikarudi Lushoto. Zilisaidia, ila mlima uliendelea kunishinda, na kazi yangu iko juu ya mlima. Safari ya pili nikawekewa stenti.

Wakati wanavimbisha puto ndani ya mshipa ili kuutanua, taya likauma. Maumivu yaleyale, nikiwa nimelala chali, sijanyanyua hata mguu. "Unahisi kitu, mama?" Nikamwambia, ndiyo hayo. Akalilegeza puto, yakapotea. Tangu siku ile hakuna anayeweza kunishawishi kwamba ilikuwa gesi.

Kurudi nyumbani ndiko kulikuwa kugumu kuliko nilivyoambiwa. Mchana nilikuwa mzima, usiku nalala nasikiliza moyo. Mume wangu naye halali usingizi, kila nikigeuka anauliza. Tuliogopa hata kukaribiana. Nikamuuliza nesi kwa sauti ya chini, akanijibu bila kupepesa macho: ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu, unyumba hauna shida. Ulizeni mambo haya. Na wanaume wenye ugonjwa huu wamwambie daktari kama wanatumia vidonge vya nguvu za kiume, maana vikikutana na kidonge cha kutuliza anjina kinachowekwa chini ya ulimi (nitrogliserini) presha inaweza kuporomoka mpaka mtu akafa.

Kidonge hicho cha chini ya ulimi kina taratibu zake. Kaa kwanza, usikitumie umesimama, kinaweza kukuangusha. Kichwa kitagonga kidogo, ni kawaida. Kihifadhi kwenye chupa yake, mbali na mwanga na joto, na angalia tarehe. Kama dakika tano zimepita na maumivu hayajapungua, hiyo si anjina ya kungojea iishe.

Hapo ni kukimbilia hospitali, na huku milimani tumejipanga kwa siku hiyo. Kutoka mjini Lushoto hadi Mombo, kwenye barabara kuu, ni kilomita 30 na kitu za kona tupu, usiku huwezi kuanza kutafuta gari. Tuna namba za madereva wawili waliokubali kupigiwa saa yoyote, na tunajua hospitali ipi iliyo karibu ina ECG na mtu wa kuisoma usiku. Aspirini ya miligramu 300, kwa asiye na mzio nayo, ya kutafuna si kumeza nzima, iko kabatini. Maumivu ya kifua, taya au mkono yasiyoisha kwa kupumzika, pamoja na jasho jembamba, kutapika au pumzi kukata, hayasubiri kukuche. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inafaa zaidi ikitolewa saa za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake inakuwa ndogo. Ukifika na kipimo cha damu cha troponini, kinachoonyesha kama misuli ya moyo imeumia, kikatoka salama mapema, kinaweza kuhitaji kurudiwa baada ya saa chache, kwa sababu huchukua muda kupanda. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa kimoja kama bado unaumwa.

Sasa vidonge. Stenti imetengeneza sehemu moja. Ugonjwa uko kwenye ukuta wa mishipa yote. Aspirini na klopidogreli zinazuia damu kuganda juu ya kile chuma, na kuacha ghafla ni hatari kubwa. Nilipoumwa jino kwelikweli mwaka uliofuata, wa meno akaniambia niache klopidogreli kwa muda. Nikampigia kliniki ya moyo kwanza. Jibu lilikuwa hapana, na jino likasubiri. Dawa ya lehemu ndiyo watu wanaiacha upesi, wakisema misuli inauma au nimepona. Mimi misuli iliuma kweli. Daktari akabadilisha kipimo, hakuniambia niache. LDL yangu sasa ni 1.6. Presha nanywa dawa yake kila siku, niwe najisikia vizuri au vibaya. Ramadhani nilipotaka kufunga niliuliza wiki kadhaa kabla, tukahamisha vidonge vya asubuhi vikawa vya daku na vya jioni vikawa vya futari. Si kila mgonjwa ataruhusiwa, na asiyeruhusiwa dini imempa nafasi yake.

Wageni waliokuja kunijulia hali walileta kitunguu saumu, ndimu, tangawizi, na chupa moja ya dawa ya "kusafisha mishipa" iliyonunuliwa kwenye basi. Kitunguu saumu nakipenda kwenye mchuzi. Hakiondoi uvimbe ulio ndani ya ukuta wa mshipa, na chupa ya kwenye basi haijulikani ina nini, inaweza kugongana na dawa za kulainisha damu. Nilichobadilisha jikoni ni hiki: chumvi kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyo kwenye dagaa na kwenye mkate; tui la nazi limekuwa la sikukuu; maharage, kabichi na karoti za huku tunazo tele. Jiko la kuni limehamia nje, kwenye kibanda kilicho wazi pande mbili. Siku za baridi napikia gesi.

Bado nilikuwa na deni la kuwaambia ndugu zangu wa tumbo moja. Dada zangu wawili walipima, wako salama kwa sasa. Mdogo wetu wa kiume ana miaka 41, analima, mwembamba, hajawahi kuumwa chochote, alikataa mara nyingi. Nilimchukua mwenyewe mpaka maabara. LDL yake ilikuwa juu kuliko yangu. Ameanza dawa mwezi huohuo, na shangazi yetu ndiye aliyekwenda kwa watoto wa yule jirani kuwaambia baba alikufa kwa ugonjwa gani.